UZI: Ukishindwa kesi ya ubaguzi kazini, utamlipa mwajiri gharama zake? Tuweke sawa: Uingereza, Bara na huku kwetu

Mtoni_Juu

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Kuna sauti inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp: mfanyakazi akimpeleka mwajiri mbele ya sheria kwa ubaguzi halafu akashindwa, basi atalipa mawakili wote wa tajiri na nyumba yake itapigwa mnada. Sauti haitaji nchi, haitaji sheria, haitaji mahkama. Imeshawatia khofu watu wa pande mbili. Wa kwanza ni ndugu zetu walioko Uingereza, wenye kesi kwenye mabaraza ya kazi ya kule, ambao wakili wa mwajiri ameshawatumia barua yenye tarakimu nene. Wa pili ni wafanyakazi wa mahoteli ya Nungwi, Paje na Kiwengwa, ambao dai lenyewe hawajalifungua na tayari wanataka kunyamaza.

Nawaomba wanaoijua kazi hii waeleze kwa vifungu na kwa hesabu. Kushindwa peke yake kunatosha mtu kulipishwa? Barua ya onyo la gharama ina nguvu gani, na inapomfikia mtu afanye nini? Na huku Zanzibar, tofauti na Bara, hali ikoje?

Karani_wa_Vuga

Waalaykum salaam. Naanza na Uingereza, kwa sababu tarakimu zinazotisha watu zinatoka kule.

Kesi ya madai ya kawaida, iwe ya deni, kiwanja au mkataba, aliyeshindwa humlipa aliyeshinda. Wenyewe tunasema gharama hufuata matokeo, na huku kwetu tumeirithi kanuni hiyo hiyo. Baraza la kazi la Uingereza haliendi hivyo. Kule kila upande hubeba gharama zake, na amri ya gharama ni jambo la nadra. Mwajiri anaweza kushinda kila hoja na bado akazibeba mwenyewe ada za mawakili wake. Kwa hiyo hiyo sauti imekosea tokea sentensi ya kwanza.

Ili mdai alipishwe, mambo matatu yapite kwa mfuatano, na hakimu akiruka moja amri yake inakatiwa rufaa.

Kwanza lazima iwepo sababu inayotambuliwa na kanuni. Mhusika au mwakilishi wake awe ameendesha kesi kwa inadi, kwa lugha ya kudhalilisha, kwa kuvuruga, au kwa namna nyengine isiyo ya busara. Au dai liwe halikuwa na matumaini ya maana ya kufaulu. Au awe amevunja amri za baraza. Hapo neno "kushindwa" halimo.

Pili, sababu ikishapatikana, hakimu bado ana hiari. Kanuni inamtaka afikirie kama atoe amri, haimlazimishi kuitoa.

Tatu ndiyo kiasi. Baraza lenyewe linaweza kuamuru mpaka paundi 20,000 bila ya ukaguzi wa kina. Zaidi ya hapo bili inapelekwa kukaguliwa mstari kwa mstari. Hapa, na hata kwenye hatua ya pili, baraza linaruhusiwa kuangalia uwezo wa mtu wa kulipa.

Maombi ya gharama yanatakiwa yafike ndani ya siku 28 tangu hukumu iliyomaliza kesi kutumwa kwa pande zote, na anayedaiwa ni lazima apewe nafasi ya kujibu. Mambo haya yalikuwemo kwenye kanuni za 2013 na yamebakia kwenye kanuni mpya zilizoanza tarehe 6 Januari 2025, ila namba zimebadilika. Iliyokuwa kanuni ya 76 sasa ni ya 74. Ukiona barua ya leo inataja ya 76 kwa sababu hizi za kulipishwa, huenda aliyeiandika amenakili barua ya zamani.

Muungwana_Leicester

Naongezea kuhusu hizo barua, maana ndizo zinazowatoa watu jasho.

Barua ya onyo la gharama huwa na sehemu tatu. Juu kabisa kuna maneno ya kwamba imeandikwa bila ya kuathiri haki, isipokuwa kwa suala la gharama. Maana yake hakimu hataiona wakati anaamua kama umebaguliwa, ila ataionyeshwa baadaye wakati wa kubishania gharama. Katikati kuna sababu za kwanini dai lako litaanguka. Chini kuna tarehe na kiasi: ondoa dai ifikapo Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo tutaomba gharama, na mpaka sasa zimefika kiasi fulani.

Watu wanakwenda mbio kwenye hicho kiasi. Kinachotakiwa kusomwa ni sehemu ya kati. Kama pale katikati pana maneno matupu, kwamba dai "halina msingi", bila ya kutaja hoja moja moja, hiyo ni karatasi ya kutisha na baadaye haitakuwa na uzito mkubwa. Lakini ikisema, kwa mfano, kwamba kwenye aya ya 14 umedai ulinyimwa cheo Machi kwa sababu ya asili yako, na aliyepewa cheo hicho ni wa asili moja na wewe, na ushahidi huu hapa, basi hilo ni jambo la kujibiwa kwa uzito. Ukikaa kimya na baraza likaja kusema maneno hayo hayo, mwajiri atasimama na barua mkononi aseme: tulimwambia mapema, kwa maandishi, akaendelea.

Sasa hesabu. Nawawekea mfano niliouunda ili mwone bili inavyopikwa:

Wakili, saa 46 kwa paundi 220: 10,120.
Wakili wa kusimama mbele ya baraza, siku nne: 6,000.
Jumla ndogo: 16,120.
VAT asilimia 20: 3,224.
Jumla: 19,344.

Angalieni ilivyokaa chini kidogo ya 20,000. Haiwi hivyo kwa bahati. Bili ikivuka hapo inakwenda kwenye ukaguzi wa kina, na mawakili wengi hawataki saa zao zihesabiwe moja moja. Kwa hiyo uliza. VAT: kama mwajiri amesajiliwa na anairejeshewa, hana haki ya kuidai kwako. Saa 46: ngapi zilitumika kabla ya hicho kitendo kinachoitwa si cha busara? Na kama katikati ya kesi mwajiri aling'ang'ania hoja akashindwa, saa za hoja ile zitoke.

Mambo haya si ya kubuni. Kwenye kesi ya Barnsley ya 2011 Mahkama ya Rufaa ilisema hakimu aangalie picha nzima: nini kilifanyika, kwa nini hakikuwa cha busara, na kilisababisha nini. Mdai yule alikuwa ameamriwa alipe gharama zote. Mwisho wake akabakia na nusu, kwa sababu mwajiri naye alipoteza muda kwa hoja zake mwenyewe zisizo na mashiko.

(Nazitaja kesi kwa jina la mwajiri. Wadai ni watu binafsi, na majina yao hatuyahitaji ili tufahamu sheria.)

Binti_Chake

Ahsanteni. Nataka tukae hapa pa "matumaini ya kufaulu" maana ndipo palipo na ugumu. Ubaguzi hauachi risiti. Meneja hakuandikii barua kwamba hukupandishwa kwa sababu wewe mweusi au kwa sababu umeshika mimba. Ushahidi wote uko kwenye kabati la mwajiri: alama za usaili, barua pepe za mameneja, mishahara ya wenzako. Mfanyakazi anafungua dai kwa anachokiona kwa nje. Akija kukosa ushahidi huko mbele, ndiyo tuseme alikuwa hana matumaini tokea mwanzo? Na kati ya aliyeshindwa kuthibitisha na aliyesema uongo, mstari uko wapi?

Karani_wa_Vuga

Bi Chake, hapo ndipo palipo na roho ya jambo lenyewe.

Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010, kifungu cha 136, inaukubali ugumu huo unaousema. Mdai akileta mambo ambayo, yakikaa bila ya maelezo, yanaweza kumfanya hakimu aone kuna ubaguzi, basi mzigo unahamia kwa mwajiri athibitishe kwamba hakubagua. Na kwenye kesi ya South Bank ya 2001 majaji wa juu kabisa walionya kwamba madai ya ubaguzi yasifutwe njiani ila pale ambapo mambo yako wazi kabisa, kwa sababu yanategemea ukweli unaojulikana baada ya mashahidi kuulizwa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza si kwamba hukuthibitisha. Kipimo ni hiki: kwa yale uliyoyajua, au uliyotakiwa uyajue, siku ile unafungua na kila siku uliyoendelea, palikuwa na kitu cha kushika? Dai linaweza kuanza na matumaini likayapoteza njiani. Mfano ni pale nyaraka za mwajiri zinapofunguliwa. Umesema alama za usaili zilichezewa; zinakuja, zimeandikwa kwa mkono na watu watatu mbalimbali, siku ile ile, na zote zinakuweka wa nne. Siku hiyo unatakiwa ukae chini ufikiri upya. Watu wengi wanaolipishwa gharama hawakukosea kufungua. Walikosea kutosimama pale.

Uongo ni jambo jengine. Kesi ya Daleside ya 2009 ilihusu mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, aliyedai kwamba alitukanwa kwa rangi yake. Baraza likakuta tuhuma hiyo, ambayo ndiyo nguzo ya kesi, ni ya uongo, lakini likakataa kutoa amri ya gharama. Baraza la rufaa likasema hapo ilibidi amri itolewe. Waajiri wakaanza kuitumia kesi ile kana kwamba kila uongo unaleta gharama. Mwaka 2011, kwenye kesi ya HCA, baraza la rufaa likawarekebisha: uongo hauzai amri wenyewe kwa wenyewe. Inaangaliwa uongo upo kwenye shina au kwenye jani, na umeathiri nini.

Kuna hali ya tatu ambayo hutokea mara nyingi zaidi: mtu anaamini kweli kweli kwamba alibaguliwa, na hakimu hamkubalii. Kwa watu wasio na wakili, kesi ya AQ ya 2012 imeweka wazi kwamba hawapimwi kwa kipimo cha mtu aliyesomea sheria. Ila imesema pia kwamba kutokuwa na wakili si kinga kamili.

Mlandege_2

Mimi naona mnawatia watu wasiwasi wa bure. Mtu asiye na kitu atalipa nini? Mshahara wa kima cha chini, nyumba ya kupanga, watoto wanne. Baraza litaangalia uwezo wake, litaachia. Mwenye kukhofu ni mwenye mali.

Karani_wa_Vuga

Hapana, shekhe, na hili naomba tusilipeleke nje likiwa hivyo, kwa sababu litamwangamiza mtu.

Kanuni inasema baraza *linaweza* kuangalia uwezo. Halilazimiki, na likiangalia halifungwi na kilichomo mfukoni leo. Kesi ya Chuo Kikuu cha Nottingham Trent ya 2011, Mahkama ya Rufaa ilikubali amri juu ya mdai mwenye kipato kidogo, ikasema hali yake inaweza kuja kuwa nzuri. Kesi ya Lewisham ya 2013 ndiyo nzito zaidi: mdai asiye na wakili akaamriwa alipe theluthi moja ya gharama za mwajiri. Gharama zote zilikisiwa kufika paundi 260,000, kwa hiyo theluthi ni karibu paundi 87,000. Amri ikathibitishwa kwenye rufaa. Na nyengine ya kuikumbuka: hapakuwa na barua ya onyo iliyotangulia wala amri ya amana, na ukosefu huo haukumwokoa. Usiseme "hawajanionya, basi niko salama."

Unachotakiwa kufanya ni kuleta uthibitisho wa hali yako siku ya kusikilizwa maombi ya gharama: hati za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya benki, mkataba wa nyumba, madeni, idadi ya unaowalisha. Mtu akikaa mbele ya hakimu akasema tu "sina uwezo" bila ya karatasi, hakimu hana la kuandika. Na mwenye mali akificha mali, hilo lenyewe linamharibia.

Mlandege_2

Nimekufahamu. Nalirudisha neno langu. Je, hiyo amri ya amana ni kitu gani?

Muungwana_Leicester

Amana ni kizuizi cha kati. Kuna tuhuma ambayo haina matumaini kabisa: hiyo inaweza kufutwa. Kuna ambayo ina matumaini *madogo*: hiyo haifutwi, ila hakimu anaweza kukuamuru uweke amana kama sharti la kuendelea nayo. Kiwango cha juu ni paundi 1,000 kwa kila tuhuma. Kabla ya kupanga kiasi lazima aulize uwezo wako, na uamuzi mmoja wa rufaa umesema amana isiwe njia ya mlango wa nyuma ya kuifunga kesi, iwe inalipika.

Sasa tazama hatari ilivyojificha. Chukua mtu mwenye tuhuma sita zilizowekewa paundi 150 kila moja. Jumla 900. Anaona ni pesa anayoweza kuikopa, anaweka zote, anaendelea. Akija kushindwa tuhuma mojawapo kwa sababu zile zile alizozitaja hakimu kwenye amri, mambo mawili yanamkuta: amana ya tuhuma ile inakwenda kwa mwajiri, na anahesabiwa kuwa ameendesha tuhuma ile pasi na busara mpaka yeye aonyeshe kinyume. Yaani ile hatua ya kwanza aliyoieleza Karani imeshapitwa. Kwa hiyo amri ya amana ikija, isomwe kama maoni ya hakimu aliyelitazama faili lako. Weka amana kwenye zile unazoweza kuzijibu sababu zake, na zilizobakia ziache. Tuhuma ambayo hukuilipia amana kwa tarehe iliyopangwa hufutwa, nyengine zinaendelea.

Kinachowaponza watu hapa ni wingi. Mtu ana tuhuma tatu nzuri. Anaongeza ishirini: meneja hakumjibu salamu, aliachwa nje ya barua pepe, kikombe chake kilihamishwa. Anafikiri wingi ni nguvu. Kila tuhuma inataka shahidi wa mwajiri, kila shahidi anataka saa za wakili, siku nne za kusikilizwa zinakuwa kumi na mbili, na bili inakua kwa kasi hiyo hiyo. Zile tatu nzuri zinazama humo.

Binti_Chake

Na pendekezo la suluhu? Mwajiri akitoa paundi 10,000, mtu akakataa, halafu akashinda na kupewa 6,000. Atalipishwa?

Muungwana_Leicester

Si moja kwa moja. Kesi ya Safeway ya 2003 imesema kukataa pendekezo na kuja kupata kidogo zaidi hakutoshi. Lazima kule kukataa kwenyewe kuwe hakukuwa na busara. Kwenye kesi ile mdai alilipishwa 5,000, lakini alikuwa pia ameng'ang'ania hoja za mateso na utumwa ndani ya kesi ya kazi.

Ili kukataa kwako kuwe na busara, uwe na hesabu. Fidia ya kuumizwa moyo ina viwango vinavyotangazwa. Vilivyoanza tarehe 6 Aprili 2025 vilikuwa hivi: daraja la chini 1,200 mpaka 12,100, la kati mpaka 36,400, la juu mpaka 60,700. Tukio moja la maneno mara nyingi hukaa daraja la chini. Ongeza mshahara uliopotea, kwa miezi halisi, ukitoa ulichokipata kwengine. Hesabu yako ikitoa 11,000 na ukaletewa 10,000, jibu kwa maandishi, weka hesabu yako, taja kiasi chako. Anayejibu pendekezo la 10,000 kwa kudai 250,000 bila ya mstari mmoja wa hesabu amempa wakili wa mwajiri ukurasa wa kwanza wa maombi yake ya gharama.

Mwanachama_Kikwajuni

Sasa turudi nyumbani, maana wafanyakazi wa mahoteli wanasubiri jibu lao na kesi za Leicester haziwahusu.

Kazi na ajira si jambo la Muungano. Naliweka juu kwa sababu kosa linalojirudia ni watu kuchukua sheria za Bara kwenye simu wakazileta Zanzibar. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 zinaishia Bara. Fomu za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, huku si fomu zetu. Hata muda: Bara mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 na mwengine, ukiwemo wa ubaguzi, ndani ya siku 60. Siku hizo ni za Bara. Usizihesabie dai la Paje.

Bara, kwa suala la gharama, sheria iko wazi. Kifungu cha 88 cha Sheria Na. 6 kinamzuia muamuzi kutoa amri ya gharama isipokuwa mhusika, au anayemwakilisha, amefanya mambo kipuuzi au kwa nia ya kusumbua. Kifungu cha 50(6) cha Sheria Na. 7 kinafanya hivyo hivyo kwa Mahkama ya Kazi ya kule. Na kifungu cha 7 kinachokataza ubaguzi kinauhamishia mwajiri mzigo wa kuthibitisha, mdai akishaonyesha kwa awali kwamba kuna ubaguzi. Namba hizo ni za sheria kama zilivyotungwa 2004.

Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya 2005, na juu yao Katiba ya Zanzibar ya 1984, ambayo kifungu chake cha 12 kinakataza ubaguzi. Njia yetu ni kitengo cha kushughulikia migogoro kilichowekwa na Sheria Na. 1: kwanza usuluhishi, usuluhishi ukishindikana uamuzi. Kisha kuna Mahkama ya Kazi, ambayo ni divisheni ya Mahkama Kuu ya Zanzibar. Baada ya hapo ni Mahkama ya Rufani ya Tanzania, na hiyo ndiyo inayotuunganisha na Bara. Mahkama ya Rufani ina desturi inayoonekana kwenye hukumu zake nyingi za kazi: mwisho wa hukumu husema kwamba kwa kuwa shauri ni la kazi, haitoi amri ya gharama. Someni mstari wa mwisho wa hukumu kabla ya kusikiliza sauti za WhatsApp.

Kisha kuna fedha mbili ambazo watu wanazichanganya. Gharama zinazozungumzwa kwenye uzi huu ni za *upande wa pili*. Ada ya wakili wako mwenyewe ni mkataba wako na yeye, na unaulipa hata ukishinda, ila kama mmekubaliana vyengine. Mfanyakazi anasema "kesi imenila laki nane" na wenzake wanafahamu kwamba amelipishwa na mahkama. Kumbe ni ada ya wakili wake, nauli na fotokopi. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu faili lako, mwambie aandike: ada kiasi gani, inahusu hatua ipi, ikienda Mahkama ya Kazi inaongezeka au la. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi aanze kwenye chama, maana uwakilishi huo ndio aliokuwa akiukatwa mshahara.

Binti_Chake

Na mtu wa hotelini anayetaka kuepuka kuitwa msumbufu, ajitayarishe vipi? Tuchukue mhudumu aliyeondolewa sehemu ya mapokezi baada ya kuanza kuvaa hijabu.

Mwanachama_Kikwajuni

Mfano mzuri. Aanze na ukurasa mmoja tu wa tarehe. Tarehe aliyoanza kuvaa, tarehe aliyoambiwa, nani alimwambia na kwa maneno gani, tarehe aliyohamishiwa, na mshahara wake kabla na baada, pamoja na bakshishi za mapokezi alizozipoteza. Halafu rosta za wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Rosta ndiyo shahidi asiyesahau: inaonyesha nani aliwekwa pahala pake. Ujumbe wa msimamizi kwenye simu uhifadhiwe na namba na tarehe zikionekana, si maneno yaliyonakiliwa peke yake. Simu ikiibiwa au ikianguka majini, kesi imekwenda nayo. Utumwe nakala kwa mtu wa kuaminika siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo aulize swali moja: nani mwengine alihamishwa msimu ule? Kama watu saba walihamishwa kwa sababu wageni wamepungua Aprili na Mei, na kati yao mwenye hijabu ni yeye peke yake, dai lake ni dhaifu, na ni bora alijue hilo mapema kuliko kuambiwa na muamuzi. Kama amehamishwa yeye tu, na wiki ile ile akaajiriwa mpya wa mapokezi, ana kitu cha kushika.

Yanayoharibu ni mambo madogo. Kutofika siku ya shauri bila ya taarifa ni kubwa kuliko yote. Kwa mtu wa Pemba aliyeitwa Unguja, boti ikighairiwa kwa upepo, apige simu na aandike siku hiyo hiyo, aambatanishe tiketi. Kumtukana meneja kwenye karatasi za kesi. Kuongeza majina ya wafanyakazi wenzake kama walalamikiwa ili wakhofu. Na mwisho wa maelezo yake, ashinde au asishinde, aandike ombi kwamba kila upande ubebe gharama zake. Wengi hawaliandiki, kisha mwajiri akiomba gharama hapana kitu kwenye faili kinachojibu.

Mtoni_Juu

Mungu awalipe. Limebakia moja. Mtu wa Uingereza ameisoma sehemu ya kati ya barua, ameona kweli dai limekufa. Akiondoa, si ndiyo amekiri na atalipishwa?

Karani_wa_Vuga

Hilo limejibiwa kwenye kesi ya BNP Paribas ya 2004. Mahkama ya Rufaa ilisema kuondoa dai si ushahidi wa kukosa busara, kwa sababu watu wakiadhibiwa kwa kuondoa, wataendelea na madai mabovu mpaka mwisho. Kinachoangaliwa ni namna alivyoiendesha kesi mpaka siku ile.

Ila asiiondoe kwa haraka ya usiku mmoja. Kwanza amwandikie wakili wa mwajiri: niko tayari kuondoa dai, kwa sharti kwamba mwajiri ataahidi kwa maandishi kutoomba gharama. Mara nyingi wanakubali, kwa sababu maombi ya gharama nayo yana gharama zake. Ahadi ikishafika ndipo aliandikie baraza. Akiwa na tuhuma tatu na moja ndiyo iliyokufa, aondoe hiyo moja kwa jina na namba ya aya. Asiandike "naondoa dai langu", maana hapo ameondoa zote. Na kama ni hakimu mwenyewe anayemsukuma aondoe kwa kumtisha na gharama ambazo hatari yake haipo, hilo nalo lina mipaka: kwenye kesi ya Shell ya 2002 mdai aliondoa kwa shinikizo la namna hiyo, na kesi yake ikarudishwa.

Mtoni_Juu

Naomba ruhusa nirikodi bandiko la Mwanachama na hili la mwisho, nizirudishe kwenye magrupu yale yale zilikotoka khofu. Dakika nne, bila ya majina.

Mwanachama_Kikwajuni

Langu chukua. Anza na kwamba kazi si jambo la Muungano, ndipo ufuatishe mengine.

Karani_wa_Vuga

Na langu. Ukirikodi, taja kwamba kanuni za Uingereza ulizozisoma ni zilizoanza tarehe 6 Januari 2025. Sauti hukaa kwenye simu za watu miaka, na namba za kanuni zikibadilika tena msikilizaji ajue ya lini.